Godelieve na Saa Nyembamba ya Kapiteni

Kwa miaka mingi watu wa mji wa Baraka waliamini kwamba saa zao hutengenezwa na Darius. Walikuwa na sababu. Meza ya sokoni ilikuwa yake, kibao juu ya meza kilikuwa na jina lake, na ukifika na saa iliyokufa ni yeye aliyeipokea. Aliiweka sikioni, akakunja uso kama daktari anayesikiliza kifua, kisha akakuambia urudi kesho. Ukirudi, saa inatembea. Nani angeuliza zaidi ya hapo?

Wasichojua ni kwamba mikono ya Darius ilikuwa imeacha kazi zamani. Ilianza na kidole gumba cha kulia, kutetemeka kidogo asubuhi kabla ya chai. Baadaye mkono mzima, na wa pili ukafuata. Nyuma ya meza kulikuwa na pazia la kitenge, na nyuma ya pazia kichumba chenye dirisha dogo na taa ya sola. Humo ndimo alimokaa Godelieve, mke wake, na humo ndimo saa zote za Baraka zilimopona.

Godelieve hakuja sokoni kuwa fundi. Alikuja kuuza ndakala, dagaa wa ziwani, sahani kwa sahani, upande wa pili wa njia, akitazamana na meza ya mume wake. Wiki za mwezi mpevu, wavuvi wa taa wanapobaki nyumbani na samaki kuadimika, alivuka njia akaketi na Darius. Kwa kuwa hakuzoea kukaa bure, alimsaidia kuosha vigurudumu vya saa. Kuosha kukamfundisha. Mtu hawezi kusafisha kitu mwaka hadi mwaka asijue kinakaa wapi na kinashika nini. Siku moja Darius alikuwa akirudisha gurudumu la mizani, lile linalopigapiga kama moyo, kidole kikamruka na gurudumu likaanguka sakafuni. Godelieve aliliokota, akakitoa kibano mkononi mwa mume wake, akaimaliza kazi. Kesho yake Darius alileta kitenge na misumari, akatundika pazia mwenyewe.

Godelieve alikubali. Alimpenda Darius, na aliona jinsi alivyokuwa akificha mikono chini ya meza akiongea na watu. Mwanzoni pazia halikumuuma. Alisikia wateja wakimsifu mume wake hatua mbili kutoka alipoketi, naye akacheka peke yake. Baadaye kicheko kikapungua. Lakini jambo moja alilijua bila kuambiwa na mtu: alikuwa fundi mzuri. Hakuwa na wasiwasi juu ya hilo, kama vile hakuwa na wasiwasi juu ya jina lake.

Ndipo akaja Kapiteni Anatole wa Swima.

Aliteremka kwenye pikipiki na magongo yake mawili, mzee mnene wa kifua aliyewahi kuendesha maboti ya mizigo kati ya Baraka, Kalemie na Kigoma mpaka mguu wake ulipovunjika gatini, boti ikifungwa. Tangu hapo alikuwa mtu wa nyumbani. Alikaa kwenye benchi ya Darius, akanyoosha mguu mbaya, akatoa mfukoni kitambaa, na ndani ya kitambaa saa.

Kupitia tundu la pazia Godelieve aliiona, na mkono wake ukasimama juu ya kazi aliyokuwa nayo. Ilikuwa saa ya zamani ya Uswisi, nyembamba ajabu. Ilivyolala pale kitambaani ilikuwa kama kitu kilichochorwa tu. Ni ya kujijaza yenyewe, Kapiteni alisema. Hujazwa na mwendo wa mkono. Alikuwa ameipata mwaka wa vita, alipoivusha ziwa familia ya mfanyabiashara mmoja wa Kalemie, mawimbi yakiingia botini na watoto wakitapika. Walipofika ng'ambo, yule baba alivua saa mkononi akamvalisha yeye. Kapiteni aliivaa miaka mingi, kisha ikasimama. Sasa kwa kuwa anakaa tu, alitaka kuisikia tena.

Darius alinyoosha mkono kuipokea kama kawaida yake, ila mzee hakuiachia.

"Papa Darius," alisema, "hii saa bafundi babili bameshaifungua. Wa kwanza alisema imekufa. Wa pili alitaka kutosha mashine yote ndani, aweke ya pile, ya betri. Sitaki kurudi kesho. Nitabakia hapa mupaka iishe. Nataka nione mikono yenye kuifungua."

Godelieve alimwona Darius kwa nyuma: mabega yalipanda, mikono ikashuka chini ya meza. Alianza kusema kwamba saa za aina hiyo ni ngumu, kwamba labda Bukavu, labda Bujumbura. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayefunga mlango polepole. Godelieve alijua kwamba akinyamaza, saa ile itaondoka Baraka na itaishia kuwekwa mashine ya betri mahali fulani. Alijua pia kwamba akitoka, pazia halitarudi tena. Alifuta vidole kwenye nguo, akasogeza kitenge pembeni.

"Mikono njo hii, Kapiteni," alisema.

Anatole alimtazama yeye, akamtazama Darius, akamtazama yeye tena. Watu wa meza za jirani walikuwa wamegeuka kutazama. Godelieve alimwangalia mume wake. Darius alikuwa ameinamisha kichwa, lakini taratibu alitoa mikono chini ya meza akaiweka juu, mbele ya watu, ikitetemeka. Ndivyo alivyojibu.

"Ile saa ya mukwe wangu, yenye mukanda wa chuma," Kapiteni aliuliza, "nani aliitengeneza?"

"Ni mi."

"Na ya pasta wa Mboko?"

"Ni mi. Ile ilikuwa na muchanga ndani."

Mzee akaisukuma saa juu ya meza, upande wa Godelieve.

Hivyo kazi ilifanyika mchana kweupe, mbele ya kila aliyepita. Kapiteni alifikia kwa binamu yake hapo hapo mjini, na kila asubuhi alikuja na magongo yake, akaketi benchini, akatazama. Darius alimwachia mke wake kiti chake, akahamia kwenye kigoda pembeni. Siku ile ya kwanza alikaa ameinamisha uso. Godelieve hakumbembeleza; aliona kwamba jambo hilo ni la kumaliza wenyewe nyumbani, na walilimaliza, kwa maneno machache na machozi kidogo upande wa Darius, ambaye mwishowe alisema kwamba amechoka kusifiwa kwa kazi asiyoifanya.

Godelieve alifungua mfuniko wa nyuma. Katika saa nyingi za kujijaza kuna bamba zito linalozunguka juu ya mashine nzima, nalo ndilo hujaza kamani, utepe wa chuma uliosokotwa unaoiendesha saa, mkono ukitikisika. Katika hii halikuwepo juu. Waliotengeneza walikuwa wamelifanya dogo na kulizamisha katikati ya mashine, sambamba na vigurudumu, ili unene usiongezeke. Kila kitu kilikuwa kimelala ubavuni mwa kingine. Hapakuwa na nafasi ya kukosea. Unywele mmoja chini ya daraja la chuma linaloshika vigurudumu ungetosha kuisimamisha.

Hakuharakisha. Aligusa hili, akazungusha lile, akasikiliza. Alipozungusha bamba dogo kwa ncha ya kijiti aliona kwamba linavuta kamani, halafu kamani inarudi ilikotoka. Alitabasamu. Alimwambia Kapiteni kwamba saa yake ni kama ndoo iliyotoboka: maji inayapata, ila haikai nayo. Kulikuwa na kijino cha kuzuia kamani isirudi nyuma, na kijino hicho kinasukumwa na waya mdogo wa springi. Waya ulikuwa umekatika. Wale mafundi wawili hawakuutafuta kwa sababu hawakujua kama upo.

Alivitoa vyote, kimoja kimoja, akavipanga kwenye sahani nyeupe kwa namna vilivyotoka, kila skrubu kando ya shimo lake. Mafuta ya zamani yalikuwa yamegeuka gundi ya rangi ya chai. Aliviosha kwa esansi, petroli ile safi ya kujazia briketi za kuwashia sigara, akachonga vijiti na kuvizungusha ndani ya vijiwe vyekundu ambamo mihimili ya vigurudumu huzungukia, akichonga upya kila ncha ilipochafuka, mpaka kijiti kikatoka cheupe kama kilivyoingia. Kapiteni alisema hata injini ya boti hajawahi kuiona ikioshwa hivyo. Godelieve akamwambia injini ya boti inasamehe.

Springi ilikuwa shida ya kweli. Kipande kama kile hakiuzwi Baraka, wala Uvira. Darius ndiye aliyepata la kufanya.

"Mama Ketsia," alimwambia mke wake kutoka kigodani, "kamba ya gitaa. Ile nyembamba ya chini."

Godelieve aligeuka akamtazama. Lilikuwa wazo zuri, naye alimwambia hivyo mbele ya Kapiteni. Darius mwenyewe aliinuka akaenda kwa Vainqueur, mpiga gitaa wa kwaya, akarudi na kamba iliyokatika tangu Pasaka. Chuma chake kilikuwa chembamba na kigumu, kinakunjika na kurudi. Godelieve alikata kipande, akakikunja chini ya kioo cha jichoni cha kukuzia kwa umbo la kile cha zamani, akasugua ncha kwenye jiwe lenye mafuta. Alipokuwa akikiweka mahali pake kikaruka, na hakuna aliyekiona tena hata baada ya kufagia. Alikata kingine. Hiki alikishika kwa kijiti upande mmoja na kibano upande wa pili, akazuia pumzi, kikaingia. Alipozungusha bamba, kijino kililia tik, tik, tik, na kamani haikurudi tena.

Akatia mafuta kwa ncha ya sindano, tone dogo kuliko jicho la ndakala kwenye kila kijiwe, na sehemu nyingine hakutia kabisa, maana mafuta yakizidi hukimbia yanapohitajika na kwenda yasipohitajika. Alirudisha madaraja, akafunga skrubu, akaweka gurudumu la mizani mwisho. Likasita, likayumba, kisha likashika mwendo. Kapiteni aliegemea mbele mpaka gongo lake likaanguka.

Lakini alipoifunga kadirani, ule uso wa mbele wenye namba, saa ikasimama.

Watu waliokuwa wamekusanyika wakatazamana. Kapiteni alikaza midomo. Godelieve aliivua kadirani, saa ikatembea. Akairudisha, ikasimama. Darius aliuliza kwa sauti ya chini kama afunge kazi mpaka kesho. Godelieve akasema hapana, kwa utulivu kabisa, kwa sababu alikuwa ameshaelewa. Saa yenyewe ilikuwa imemwonyesha: ndani ni nzima, kuna kitu kinagusa mbele. Aligeuza kadirani, akaitazama mgongo kwenye mwanga wa dirisha. Palikuwa na mkwaruzo mdogo unaong'aa. Akaiweka mashine chini ya kioo, akatafuta mahali panapolingana na mkwaruzo ule, na hapo akaiona ncha ya skrubu ikichungulia. Mmoja wa mafundi waliotangulia alikuwa amebadilishana skrubu mbili: ndefu kaiweka kwenye shimo la fupi. Godelieve alikuwa amezirudisha kwa uaminifu jinsi alivyozikuta. Katika saa nene lisingekuwa neno. Katika hii, ncha ile iliinyanyua kadirani kidogo tu upande mmoja, nao wa pili ukabana gurudumu la mshale.

Alizibadilisha. Akafunga kadirani, akaweka mishale, akasubiri. Saa ilitembea. Akaigeuza juu, chini, ubavu, ikatembea. Aliiacha juu ya meza siku nzima na iliyofuata, akiitikisa mara kwa mara na kuilinganisha na saa ya simu, akasogeza kidogo kile kishikio cha kuharakisha na kuchelewesha, mpaka akaridhika. Kisha akaushika mkono wa kushoto wa Kapiteni na kumvalisha mwenyewe. Mzee aliinua mkono mpaka sikioni, akakaa hivyo, macho ameyafumba.

Habari ilizunguka Baraka haraka. Wapo waliosema walijua tangu zamani, na wapo waliosema mwanamke hawezi. Wote walileta saa zao.

Mvua za kwanza zilikuwa zimeanza Clarisse, mke wa mtoto wa Kapiteni, alipopiga simu kutoka Swima. Kwa heshima zote, alisema, saa imesimama tena. Mzee ameinunia, hataki hata kula. Kesho yake motari, mwendesha pikipiki wa abiria, alileta kopo la majani ya chai, na ndani yake saa, imefungwa kwenye pamba. Motari huyo huyo alieleza jambo hilo kwa kila meza aliyopita, na kabla ya saa sita sokoni walikuwa wakisema kwamba kazi ya kufichwa nyuma ya pazia mwisho wake ndio huo.

Darius alitaka ifunguliwe papo hapo. Alidhani waya wa gitaa umechoka. Godelieve aliitikisa, akaisikiliza, ikaanza kutembea mara moja. Hakuifungua. Aliivaa mkononi mwake mwenyewe. Aliosha nguo nayo imefungwa juu kwenye mkono, alitwanga sombe, yale majani ya muhogo, alibeba mtungi, alisugua saa za watu. Siku ile haikusimama, wala usiku, wala siku iliyofuata. Alijua kazi yake. Kama saa inatembea kwake na haitembei Swima, basi ugonjwa hauko ndani ya saa.

"Minaenda kuangalia muntu," alimwambia Darius, akapanda pikipiki.

Njia ya Swima hufuata ziwa, na siku hiyo ziwa lilikuwa la kijivu, na mashimo ya barabara yamejaa maji. Alipofika alimkuta Kapiteni uani, kwenye kiti cha mbao chenye mito. Mguu umewekwa juu ya kigoda, mkono wa kushoto umelazwa juu ya mto kama kitu cha kuazima. Magongo yalikuwa yameegemezwa mbali ukutani, na buibui alikuwa ameshafuma utando kati yake. Katika muda ambao Godelieve alipewa chai na kuinywa, Clarisse alimletea mzee maji, radio, sahani, kitambaa, na akaja kumsogezea kivuli. Kapiteni hakusogeza zaidi ya kichwa. Clarisse alinong'ona kwamba muuguzi amesema mfupa umeshashika, na kwamba baba atembee kila siku, lakini baba hataki kuonekana akichechemea mbele ya watu waliomjua botini.

Godelieve alisogeza kiti akaketi karibu naye. Alivua saa mkononi mwake, ikiwa inatembea, akaishika kati yao wawili.

"Hii saa haiko na ugonjwa, Kapiteni," alisema. "Inakula mukono. We ukitembea, inakula. We ukikaa, inalala njaa. Kule Baraka ulikuwa unakuja kwangu kila asubui na miguu yako. Hapa unafanya nini?"

"Mi nakaa," alisema mzee.

"Basi nayo inakaa."

Kapiteni aliuliza kama hakuna njia ya kuijaza kwa kile kichwa cha pembeni. Godelieve alisema ipo, akamwonyesha jinsi ya kukizungusha, na akaongeza kwamba hakupanda pikipiki toka Baraka kwa ajili ya hilo. Akainuka, akapangusa utando, akayaleta magongo. Hakuyatoa kwa huruma. Aliyashika tu na kungoja, kama anavyongoja mtu anayetafuta saa yake mfukoni. Clarisse alitaka kukimbilia kumshika baba mkwe, lakini Godelieve alimzuia kwa macho.

Kapiteni alivaa saa kwanza. Kisha akajivuta, akasimama, akalalamika juu ya goti, akatoka lango la ua. Walimfuata kwa nyuma wakimwona akishuka mpaka kwenye mchanga ambapo mitumbwi ilikuwa imepinduliwa kukaushwa. Vijana waliokuwa wakishona nyavu walisimama kumsalimia. Hakuna aliyeangalia mguu. Mmoja alimuuliza maoni yake juu ya injini inayotoa moshi mweusi, naye akakaa juu ya mtumbwi kuwaeleza, mikono yote miwili ikizungumza pamoja naye.

Tangu hapo saa haikusimama. Kapiteni hushuka ziwani kila siku, sasa kwa gongo moja, na akikutana na mtu humwekea mkono sikioni bila kuulizwa. Yeye ndiye aliyemtaka Godelieve aje Swima kila Jumamosi kutengeneza saa, na Clarisse akatoa kibaraza cha duka lake. Darius hakutaka kubaki Baraka. Alisema Jumamosi ni ndefu mno peke yake, na kwamba wateja wanahitaji mtu wa kuongea nao fundi akifanya kazi. Ni kweli, kwa maneno hakuna anayemshinda. Anapokea saa, anaiweka sikioni, anakunja uso, kisha anaisogeza upande wa mke wake.

Jumamosi iliyopita alikuja mama mmoja kutoka Kilembwe, amesafiri na saa ya ukutani iliyofungwa kwenye kitenge kama mtoto. Alisema ilikuwa ya kanisa lao na imenyamaza tangu paa lilipovuja. Godelieve hakuwahi kufungua kubwa kama ile. Aliizunguka, akaigonga ubavuni kwa ukucha, akamwambia Darius ampe mama maji na mahali pa kukaa. Kisha akavuta kiti na kuchagua bisibisi.